Majabali ya Dogtown na lawama juu ya maskini

Dogtown ni msitu wa miti na majabali katika rasi ya Cape Ann, jimbo la Massachusetts, Marekani. Sehemu yake kubwa ni mali ya mji wa Gloucester, na watu huenda kutembea humo. Pwani hiyo ilikuwa ya Wapawtucket kabla walowezi wa Kiingereza hawajafika mwaka 1623. Katika karne ya 18 palikuwa na kijiji cha wakulima. Biashara ya baharini ilipostawi, wenye uwezo walihamia bandarini, na kijijini wakabaki maskini, wengi wao wajane, na mbwa wao. Mkazi wa mwisho alikuwa Cornelius Finson, Mweusi anayetajwa kuwa mtumwa aliyeachwa huru. Majira ya baridi ya 1830 alikutwa katika gofu la nyumba, miguu imeganda kwa baridi. Alipelekwa kwenye nyumba ya maskini, na hakuishi siku nyingi.

Leo mpita njia huona mashimo ya misingi ya nyumba zile, yamejaa majani makavu. Huona pia majabali yaliyochongwa maneno kwa herufi kubwa: Tafuta kazi. Msaidie mama. Wahi. Ni kazi ya Roger Babson, mchumi tajiri mwenye asili ya hapo, aliyewaajiri wachongaji mawe wasio na kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930.

Hapo ndipo swali linapozuka: je, umaskini ni kosa la maskini mwenyewe? Maneno ya Babson yanaelekea kujibu ndiyo. Jibu hilo ni la kale. Katika Biblia, marafiki wa Ayubu walishikilia kwamba asingeteseka bila kosa, na Mungu akawakemea. Dogtown nayo yatoa ushahidi dhidi yao, tena katika majabali yale yale. Waliochonga “Tafuta kazi” walikuwa mafundi hodari, wenye patasi na nyundo na mikono iliyozoea mawe. Bidii walikuwa nayo. Aliyekosekana ni mwajiri. Finson naye hakuangamizwa na kukosa nasaha, bali na kukosa paa na moto katikati ya baridi kali.

Kwa hiyo Babson alijibu swali hili mara mbili. Kwa maneno alikosea. Kwa ujira aliowalipa mafundi, alipatia.