Aliyeulizwa na Aliyesemewa

Mjadala kuhusu nani ashirikishwe katika utafiti wa kitaaluma huendeshwa siku hizi kwa istilahi tatu: usawa wa haki, yaani kumpa kila mtu nafasi kwa kuzingatia vikwazo vinavyomkabili; anuwai, yaani kuwapo kwa watu wa jinsia, umri na lugha mbalimbali miongoni mwa wachunguzi na wachunguzwa; na ujumuishi, yaani watu hao kuwa na kauli katika maamuzi. Wengi huzichukulia istilahi hizo kama adabu ya kazi, aya ya kuongezwa kwenye andiko ili mfadhili aridhike, ilhali historia ya Usukumani inaonyesha kwamba kinachohusika hapa ni ukweli wenyewe wa matokeo.

Mwaka 1953 Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu sheria na mila za Wasukuma, kilichotokana kwa kiasi kikubwa na mashauriano yake na watemi na wazee. Ilikuwa kazi ya bidii, na bila yake mengi yangepotea. Hata hivyo, baraza la wazee ni baraza la watu wanaonufaika na kanuni za urithi wanazoulizwa, na mjane, ambaye ndiye ajuaye kanuni hizo zilivyotekelezwa uani, pale zilipolegezwa na pale shemeji alipovuka mpaka, si mtu wa kuitwa barazani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Cory alishiriki katika kazi ya serikali ya kuunganisha sheria za mila, na tamko la sheria hizo la mwaka 1963 likaweka kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, kwa kuwa fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mila iliyokuwa ikibishaniwa ikawa kifungu chenye namba.

Wajane wawili wa Kisukuma kutoka mkoani Shinyanga walikipinga kifungu hicho mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba Tanzania imekiuka mkataba wa kutokomeza ubaguzi huo, ikataka kanuni hizo zifutwe au zirekebishwe.

Yupo atakayesema kwamba wazee walieleza walichokijua, na kwamba ukweli haupigiwi kura. Hoja hiyo ina uzito, lakini inathibitisha tu kwamba wazee hawakudanganya. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alieleza dhuluma ya kimaarifa, yaani kumdhulumu mtu katika hadhi yake ya kuwa mjuzi. Kwa mjane wa Shinyanga dhuluma hiyo ilitangulia ile ya mali, na iliharibu pia maarifa, kwa sababu maelezo ya upande mmoja yalipokewa kama mila ya Wasukuma wote.

Kuhesabiwa nako hakutoshi. Jaribio la asaikloviri, dawa ya malengelenge ya sehemu za siri, lililochapishwa mwaka 2008 lilihusisha wanawake 821 wasio na virusi vya UKIMWI, wafanyakazi wa baa, migahawa na nyumba za wageni kaskazini magharibi mwa Tanzania, na halikuonyesha kwamba dawa hiyo inapunguza maambukizi ya virusi hivyo. Idadi hiyo haielezi nani aliyechagua swali. Jijini Mwanza, katika maandalizi ya majaribio ya jeli za kinga dhidi ya virusi hivyohivyo, wanawake wa kazi hizohizo walichagua wawakilishi wao, wakakaa na watafiti na kuhoji, pamoja na mengine, habari ya damu inayochukuliwa. Hapo ujumuishi ulianza kustahili jina lake.

Kolandoto, mkoani Shinyanga, penye hospitali ya kanisa na chuo cha sayansi za afya, ni miongoni mwa mahali ambapo watafiti wa kesho wanafundwa. Dodoso lenye mstari wa kwanza wa “jina la mkuu wa kaya”, linalosomwa kwa Kiswahili mbele ya bibi anayezungumza Kisukuma huku mwanawe akimjibia, linarudia baraza lile la wazee. Mkufunzi anayelipitia dodoso la namna hiyo alirudishe kwa mwanafunzi kabla halijachapwa, na amtake aende kwanza kumsikiliza bibi huyo kwa lugha yake.