Ng'ombe wa Kupiga Pembe
Somo: Kutoka 21:28–32

Jumapili nilianza na swali, kanisa likanyamaza. Ng'ombe akiua mtu, ni nani mwenye hatia?

Sisi wa Kajiado tunajua ng'ombe. Neno linasema, kama ng'ombe hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana kesi. Lakini kama alijulikana kwa kupiga pembe, mwenyewe akaonywa, na bado hakumfunga, damu iko juu yake. Onyo ndilo linabadilisha kesi.

Sasa tuongee juu ya vidonge. Ndugu yetu mmoja wa boda (amenipa ruhusa niseme) alianguka hapa Namanga Road, akaumia mgongo. Akapewa tramadoli ya siku chache. Hapo hakuna dhambi. Dawa ya maumivu ni rehema, na mgonjwa wa saratani asitishwe na mahubiri haya. Lakini siku zikaisha, akaenda duka la dawa bila karatasi ya daktari, akauziwa. Akarudi tena na tena, miaka miwili. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuuza dawa hiyo hivyo. Mimi nilisomea biashara, na darasani tulimsifu sana mteja anayerudi. Hakuna aliyetufundisha kuuliza kwa nini anarudi.

Huko Marekani, Purdue Pharma walileta OxyContin sokoni mwaka wa 1996. Mwaka wa 2007 kampuni mwenza ilikiri kortini kwamba dawa hiyo ilinadiwa kwa uongo, eti haileti uraibu sana. Mwaka wa 2020 Purdue wenyewe wakakiri makosa ya jinai. Ng'ombe alijulikana, jamani, na bado aliachiliwa.

Lakini tusiokote mawe haraka. Huyo ndugu alikuja madhabahuni mara tatu akiombewa mgongo. Aliyemwekea mikono ni mimi. Sikuuliza anameza nini. Mkewe alishanidokezea mlangoni kwamba bwanake halali bila vidonge, nami nikamjibu, "Tutaomba, mama." Nilikuwa nimeonywa.

Na yeye mwenyewe je? Mwanzoni hakuna aliyemwambia hatari. Ila siku aliyouza simu ya mkewe apate vidonge, alijua. Anasema hivyo mwenyewe, sijamlazimisha. Kuanzia siku hiyo ng'ombe akawa wake pia.

Kama ni wewe, au mtoto wako, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea unaweza kupigana hata mtu akapata kifafa. Muone daktari, akupunguzie polepole. NACADA wana namba ya bure, 1192. Nami Jumatano baada ya ibada niko ofisini, pitia mlango wa nyuma ukitaka. Beba pakiti. Tutaomba, ndiyo, lakini kwanza nitakuuliza unameza nini, ngapi, na nani anakuuzia.