Yakini ya Jana

Maalim aliyenisomesha kitabu cha fiqhi, Safinatu Najaa, nikiwa mtoto hapa Buyenzi, Bujumbura, alinikuta Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, nimeinamia kompyuta. Naitunzia jumuiya moja ya mtaani tovuti yake: ratiba ya swala, saa za daku na futari, fomu ya kuandikisha watoto madrasa. Programu zake zilikuwa zimejisasisha zenyewe usiku uliotangulia, nami nilikuwa naikagua ukurasa kwa ukurasa.

"Mwanangu," akasema, "kuna mtu amelalamika?"

"Hapana, Maalim."

"Basi jana ilikuwa nzima. Na yakini haiondolewi na shaka. Huu si waswasi?"

Kanuni aliyoitaja si ndogo. Ni miongoni mwa zile tano kuu ambazo Imamu Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alizieleza katika kitabu chake cha kanuni za fiqhi. Aliye ndani ya swala akahisi kitu tumboni asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Ndivyo Mtume alivyofundisha. Ni rehema, kwani bila hiyo mcha Mungu angeshinda bombani akitawadha. Nawajua pia mafundi wa kompyuta wenye ugonjwa huo: anafungua ukurasa, anaufunga, anaufungua tena, na katikati hakuna kilichobadilika. Huyo Maalim ana haki ya kumkanya.

Lakini Safina hiyohiyo, inapohesabu yanayotengua udhu, inataja usingizi. Aliyelala hakusikia sauti wala hakupata harufu. Huenda hakikumtoka kitu. Hata hivyo haambiwi ashikilie udhu wa jana; anatawadha upya, isipokuwa aliyelala ameketi na makalio yake yametulia barabara chini. Mbona shaka ya aliye macho haitengui, na usingizi unatengua? Nionavyo mimi, aliye macho alikuwa shahidi wa mwili wake muda wote. Aliyelala hakuwapo. Sheria haikungoja ithibitike kwamba kimeharibika kitu. Ilitosha kwamba mlinzi aliondoka.

Sasisho ni usingizi wa namna hiyo. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, WordPress, programu inayoiendesha tovuti hiyo, hujiwekea yenyewe masasisho madogo, na ni jambo jema, kwa sababu hayo ndiyo yanayoziba matundu ya wezi. Ila mimi sikuwapo yalipopita. Agosti 2020 toleo la 5.5 liliacha kupakia jQuery Migrate, msimbo mdogo uliokuwa ukizibeba programu kuukuu. Tovuti nyingi zilifunguka na picha zake na rangi zake, huku menyu zikibonyezwa bila kufunguka. Aliyetazama ukurasa wa mbele tu angeapa kwamba ni nzima. Wala si tovuti tu: tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa ikiwa na sehemu ya programu iliyoitumikia vema Ariane 4, na haikumaliza hata dakika moja angani kabla ya kusambaratika. Yakini ile ya jana ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa yakini ya chombo kingine.

Maalim aliuliza kama kuna aliyelalamika, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Ratiba ikirudi kwenye saa ya Greenwich, Magharibi ya Bujumbura itaandikwa mnamo saa kumi, na kila mtu ataona jua bado liko juu ya milima ya Kongo. Kosa hilo litapigiwa simu kabla sijanawa. Alfajiri haina mlinzi kama huyo. Hesabu yake inategemea jua liko nyuzi ngapi chini ya upeo wa macho: Muslim World League hutumia 18, ISNA ya Amerika Kaskazini hutumia 15. Sasisho likiuhamisha mpangilio kutoka 18 hadi 15, hapa petu karibu na ikweta Alfajiri inachelewa kwa dakika kama 12. Watu wataendelea kunywa chai ya daku kukiwa kumeshapambazuka, wala hatalalamika mtu, kwa sababu saa wameiamini. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyekula akidhani bado ni usiku hana dhambi, ila siku ile atailipa. Atailipa kwa kuwa alinisadiki mimi. Sikubali kulala juu ya hilo.

Kwa hiyo baada ya kila sasisho naandikisha mtoto wa jaribio mpaka barua pepe ifike, nafungua kila kitu kwa simu ya bei ndogo kama zilizo mikononi mwa majirani, kisha naishika Alfajiri na kuilinganisha na hesabu niliyoifanya kwa mkono. Zikilingana, nafunga kompyuta. Kuanzia hapo, anayeniambia labda kuna kosa bila kunionyesha kilichobadilika, namjibu kwa kanuni ya Maalim.