Nyimbo Zisizochakaa

Kwa kawaida wimbo wa vijana hufa pamoja na ujana wao. Huzaliwa kwa kelele, huimbwa kila pembe kwa msimu mmoja au miwili, kisha hufifia, na baada ya miaka kumi hukumbukwa na wale tu waliokuwa wakichumbiana ulipokuwa ukivuma. Sioni ubaya wowote katika kanuni hii; dunia isingekuwa na nafasi kama kila wimbo ungedumu. Hata hivyo, kuna kundi la nyimbo ambalo limekataa kuifuata, nalo ni kundi ambalo watu wa rika langu hawakulitazamia kabisa: nyimbo za vijana weusi wa Marekani zilizotungwa kati ya katikati ya miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990, ambazo wapenzi wake huziita nyimbo za zama za dhahabu za hip-hop. Sisi huku tuliuita muziki ule muziki wa kufokafoka, na jina lenyewe linatosha kuonyesha jinsi ulivyopokewa na masikio yetu.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha walimu. Wanachuo walikuwa na kanda zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine, nazo zilinakiliwa kutoka kanda nyingine tena, hata sauti ikawa kama inatoka chini ya maji. Walizisikiliza usiku huku wakijaribu kuandika maneno yake katika madaftari yaliyokusudiwa maandalio ya masomo. Leo mjukuu wangu, aliyezaliwa miaka mingi baada ya kanda zile kukatika, anasikiliza nyimbo zilezile katika simu yake. Hakufundishwa na mimi, wala na baba yake, ambaye hataki kusikia kitu chochote isipokuwa muziki wa dansi. Basi najiuliza: kitu gani kimezihifadhi?

Jibu jepesi ni kwamba watu hupenda kukumbuka ujana wao. Jibu hilo linamfaa mwanachuo wangu wa zamani, ambaye sasa ana mvi. Halimfai mjukuu, maana mtu hawezi kuukumbuka ujana ambao si wake. Wengine husema ni hasira ya haki. Ni kweli kwamba mwaka 1982 Grandmaster Flash na wenzake walitoa wimbo, "The Message", uliosimulia ufukara wa mitaa yao bila kuupaka poda, na kwamba kuanzia mwaka 1987 kundi la Public Enemy lilinguruma dhidi ya dhuluma kwa sauti ambayo haikuwa imesikika bado. Lakini hasira peke yake haihifadhi wimbo. Nimeishi muda wa kutosha kusikia nyimbo nyingi zenye hasira ya haki kabisa ambazo leo hata waliozitunga wamezisahau. Tena baadhi ya nyimbo zilizodumu kutoka zama hizo hazina hasira yoyote. De La Soul, vijana watatu wa Long Island, mwaka 1989 walitoa santuri iliyojaa mizaha na mafumbo ya kitoto, nayo inapendwa hata leo.

Wapo pia wasemao ni ufundi wa maneno, na hoja hii mwalimu wa Kiswahili hawezi kuipuuza. Sisi tuliolelewa katika vina na mizani tunajua kazi ya kina cha kati: kwamba sikio hupata raha mara mbili, mwisho wa ukwapi na mwisho wa utao. Mghani aitwaye Rakim, katika santuri yake ya mwaka 1987 na mwenzake Eric B., alivitawanya vina ndani ya mshororo mahali ambapo sikio halikuvitazamia, akapita mwisho wa mshororo bila kutua, kama mpiga saksafoni anayevuta pumzi moja ndefu. Na kweli alijifunza kupiga saksafoni utotoni. Huo ni ushairi, apende asipende anayebisha. Sisemi kwamba maneno ya nyimbo hizi yote ni ya adabu. Mengi yanawatukana wanawake kwa namna ambayo haiwezi kusamehewa kwa kisingizio cha sanaa, na Queen Latifah aliwajibu waghani wenzake mwaka 1993 kwa wimbo wake "U.N.I.T.Y.", jambo lililowapasa wanaume kulifanya kabla yake. Lakini ufundi wa maneno nao hautoshi kuwa jibu. Mjukuu wangu hafuati hata nusu ya Kiingereza kile, wala hakifuati kijana wa Tokyo au wa Paris. Kitu kinachomshika kimekaa chini ya maneno.

Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo la ghorofa nambari 1520 la barabara ya Sedgwick, eneo la Bronx, mjini New York, msichana aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi ili apate fedha za kununua nguo za kufungulia shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Kaka yake Clive, kijana wa miaka 18 mzaliwa wa Jamaika, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Clive alikuwa na jicho la kuwatazama wachezaji. Aliona kwamba hawakuungojea wimbo mzima. Waliingojea sehemu ile ambapo waimbaji hunyamaza, magitaa hunyamaza, na dramu hubaki peke yake kwa sekunde chache. Akatafuta njia ya kuzirefusha sekunde hizo: santuri mbili za wimbo mmoja, juu ya gramafoni mbili; kipande kikiisha huku, kinaanza kule, na huku kinarudishwa nyuma tayari kuanza tena. Vijana wasio na fedha za kununua ala waligeuza santuri za wazazi wao kuwa ala.

Baadaye kazi hiyo ya mikono ilichukuliwa na mashine za kunasia vipande vya sauti. Mojawapo, iliyotoka mwaka 1987 kwa jina la SP-1200, iliweza kushika sekunde kama 10 tu za sauti kwa jumla. Sekunde 10! Mtungaji mwenye nafasi ndogo hivyo hachoti ovyo. Ilimbidi apite santuri baada ya santuri, kama mama anayechambua mchele kwenye ungo, achague mpigo mmoja wa dramu, mguno mmoja wa gitaa la besi, mlio wa tarumbeta usiofika hata sekunde moja, kisha avipange upya hata viwe kama havikuwahi kutengana. Alihitaji sikio la kijana na kumbukumbu ya mzee.

Hapa, nionavyo mimi, ndipo ilipo siri yenyewe. Wimbo wa kawaida wa vijana una umri mmoja, umri wa msimu wake, na msimu ukipita nao unapita. Nyimbo hizi zilizaliwa zikiwa tayari na umri mwingi ndani yake. Mghani ana miaka 20, lakini chini ya sauti yake kuna mpiga dramu wa mwaka 1969, na nyuma ya huyo kuna mpiga kinanda wa jazi ambaye huenda alikwisha kuzikwa. Mwaka 1994 kijana aitwaye Nas, wa nyumba za umma za Queensbridge, alitoa santuri ya kwanza, "Illmatic", ambayo haifiki dakika 40. Katika mojawapo ya nyimbo zake yumo baba yake mzazi, Olu Dara, mwanamuziki wa jazi, akipuliza koneti wakati mwanawe akisimulia jinsi maisha yalivyo mafupi. Hapo urithi haukunaswa kwa mashine. Mrithi na mrithiwa walikuwa katika wimbo mmoja. Kijana anayeisikiliza leo, hata asijue majina yao, anasikia nyumba yenye vyumba vingi, na watu wa rika mbalimbali wakizungumza ndani.

Lakini kama ndivyo, basi uzuri wa nyimbo hizi si mali ya waliozitunga peke yao, na swali la uzuri linageuka kuwa swali la haki.

Novemba 1969, mjini Cincinnati, bendi ya James Brown ilirekodi wimbo uitwao "Funky Drummer". Ukielekea mwisho, Brown anamwambia mpiga dramu asijitie madoido, aendelee tu na kile alicho nacho. Wenzake wananyamaza, naye anapiga peke yake kwa sekunde kama 20. Mtu huyo aliitwa Clyde Stubblefield. Sekunde zile 20 zimo katika nyimbo za Public Enemy, za LL Cool J, na za mamia ya wengine. Si ajabu, msomaji, ukawa umezisikia mara nyingi kuliko sauti ya jirani yako. Wimbo uliandikishwa kwa jina la Brown. Sheria haikumhesabu mpiga dramu kuwa mtunzi, na kwa hiyo mrabaha haukumfikia. Stubblefield aliishi miaka yake ya mwisho mjini Madison, katika jimbo la Wisconsin, akipiga katika kumbi za hapo mjini. Alipougua saratani, gharama zake za matibabu zililipwa kimyakimya na mwanamuziki Prince, kwa hisani. Alifariki tarehe 18 Februari 2017, akiwa na umri wa miaka 73.

Sasa, vijana wale walikuwa warithi au wezi? Tarehe 17 Desemba 1991 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho mjini New York alitoa jibu lake. Mghani Biz Markie alikuwa ametumia sehemu ya wimbo wa mwaka 1972 wa Gilbert O'Sullivan bila kupata idhini. Jaji aliianza hukumu yake kwa ile amri ya Musa inayokataza kuiba, akapendekeza hata mashtaka ya jinai yafikiriwe. Tangu siku hiyo kila kipande kilihitaji karatasi na malipo, na wimbo uliojengwa kwa vipande ishirini au thelathini ukawa ghali kupita uwezo wa watungaji wengi. Namna ile ya utunzi ikafungwa karibu kabisa. Hii nayo ni sababu mojawapo ya nyimbo zile kuthaminiwa: kama vile milango ya kale ya Zanzibar, huwezi kwenda dukani kuagiza nyingine.

Naiheshimu amri hiyo, lakini siridhiki na matumizi yake hapa. Mshairi wa Kiswahili anayetunga utenzi leo hutumia umbo ambalo hakulibuni, huazima tasfida za waliomtangulia, hupachika methali ambazo hakuna ajuaye nani alizitamka kwanza, wala hatumwiti mwizi. Tunamwita mtu aliyefundwa. Kuchukua peke yake, basi, si kosa. Ila methali haina mwenyewe anayeugua mjini Madison. Anapokuwapo mtu mwenye jina, aliye hai, na jasho lake linatambulika mara tu linaposikika, urithi huwa na masharti ambayo methali haina. Mrithi anayekula shamba bila kumtazama mzee aliyelilima, naye mzee yuko bado pale kibarazani, hatuwezi kumsifu, hata kama shamba analilima vizuri kuliko mzee.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hata baada ya hukumu fedha zilikwenda kwa wenye karatasi, na Stubblefield hakuwa na karatasi. Amri ya kutoiba ilisimama kulinda hati, haikusimama kulinda mkono. Mtu anaweza kuitii sheria ile sawasawa, alipe kila senti inayodaiwa, na bado mpiga dramu asipate kitu. Wapo watakaosema kwamba alikwisha kulipwa ujira wake siku ile ya kurekodi, na mkataba ni mkataba. Najua. Fundi aliyejenga nyumba hadai kodi ya pango. Lakini hakuna fundi ambaye nyumba yake moja imebebwa usiku na kuwekwa katika viwanja mia, kila kiwanja kikitoza kodi.

Mnyororo huu ulifika hata kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J wa Dar es Salaam alitia maneno ya Kiswahili katika wimbo wa Vanilla Ice uliovuma mwaka 1990. Wimbo ule nao ulikuwa umechukua mlio wa besi kutoka kwa Queen na David Bowie wa mwaka 1981. Wanachuo wangu waliusikiliza wakidhani wanasikia kitu kipya kabisa, na kwa namna fulani walikuwa sahihi. Sikuwahi kumsikia hata mmoja akiuliza besi ile ilipigwa na nani, wala sidhani kwamba vijana wa New York waliuliza. Msikilizaji naye yumo katika deni hili. Sisemi alipe fedha. Walau aulize jina.

De La Soul, wale vijana wa mizaha, walilipia mchezo huo kwa namna yao. Santuri yao ya mwaka 1989 ilikuwa na vipande vingi sana, na mikataba ya wakati ule haikutaja usikilizaji wa njia ya intaneti, kwa sababu haukuwapo. Kukawa pia na kutoelewana kuhusu mgawo wa mapato. Kwa miaka mingi, wakati nyimbo za wenzao zikisikilizwa duniani kote kwa kubonyeza simu, za kwao za miaka ile zilibaki zimefungiwa. Mwishowe zilifunguliwa tarehe 3 Machi 2023. David Jolicoeur, mmoja wa wale watatu, alikuwa amefariki tarehe 12 Februari, siku 19 kabla.