Kuumba na Kudumisha katika Kazi ya Msanifu wa Kidijitali

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa na teolojia zimerithishana kwa karne nyingi ni lile la uhusiano kati ya kuumba na kudumisha: je, kitu kikishaumbwa huendelea kuwapo kwa nguvu zake chenyewe, au huhitaji kushikiliwa kila wakati na aliyekiumba ili kisirudi katika kutokuwapo? Swali hili liliulizwa kwanza kuhusu Mungu na ulimwengu, lakini linamhusu kwa karibu sana msanifu wa kidijitali, yaani mtu anayebuni kurasa za tovuti, alama za kwenye skrini, michoro na programu, kwa kuwa kazi ya mtu huyu huanza kuharibika tangu siku anayoacha kuishughulikia.

Wanateolojia wa Kiislamu wafuasi wa Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki katika karne ya 10, walishikilia kwamba sifa za vitu, kama vile rangi na mwendo, hazidumu nyakati mbili mfululizo, hivyo Mungu huziumba upya kila punde, na kile ambacho binadamu hukiona kuwa ni kuendelea kwa kitu kumbe ni mfululizo wa kuumbwa kwake. Katika Ukristo wa Magharibi, Thomas Aquinas alifundisha katika karne ya 13 kwamba viumbe humtegemea Mungu kama hewa inavyolitegemea jua ili iwe na nuru, na jua likiondoka nuru haibaki hewani hata kidogo. Mwanafalsafa René Descartes, katika Tafakuri yake ya tatu iliyochapishwa mwaka 1641, alifikia hatua ya kusema kwamba kuhifadhi na kuumba hutofautiana katika fikra tu, kwa sababu nguvu inayohitajika kukifanya kitu kiwepo sasa ni ileile iliyohitajika kukianzisha. Wasomaji wengi wa leo huyaona mafundisho hayo kuwa ya mbali mno na maisha yao, ilhali ukurasa wa tovuti unayaonyesha kwa namna ambayo hata walioyaandika wasingeweza kuitarajia.

Msomaji anapogusa kiungo kwenye simu yake, hakuna picha iliyokamilika inayomsubiri mahali fulani kama kitabu kinavyosubiri rafuni. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, huulizia kwanza jina la tovuti katika mfumo unaogeuza majina kuwa namba, hupata namba ya seva, ambayo ni kompyuta inayotunza mafaili, hukagua cheti cha usalama kinachothibitisha kwamba seva hiyo ndiyo yenyewe, kisha huletewa maandishi, picha na maelekezo ya rangi na mpangilio vipande vipande, na kuviunga papo hapo kulingana na upana wa kioo cha simu hiyo. Msomaji akiufunga, ukurasa ule haupo tena, na akiufungua upya huundwa upya. Katika mnyororo huo mrefu pete moja ikikatika, iwe ni ada ya mwaka ya jina ambayo haikulipwa au cheti kilichokwisha muda, kazi iliyomgharimu msanifu miezi mingi hugeuka onyo la kivinjari na ukurasa mtupu.

Hannah Arendt, mwanafalsafa aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani, alitofautisha katika kitabu chake cha mwaka 1958, The Human Condition, kazi ya kujikimu na kazi ya kutengeneza. Ya kwanza ni ile ya kupika, kufua na kulima, ambayo huzunguka bila mwisho na mazao yake huliwa mara yanapopatikana. Ya pili ni ile ya fundi anayetengeneza meza, ambayo ina mwanzo na mwisho na huacha duniani kitu cha kudumu. Shughuli za kusafisha na kulinda vitu visiharibike Arendt aliziweka upande wa kwanza, ingawa alikiri kwamba bila shughuli hizo ulimwengu wa vitu usingesimama. Mgawanyo huo una nguvu kubwa panapohusika meza, lakini kwa tovuti hausimami, maana hapo hakuna siku ambayo fundi huweka chombo chini na kusema amemaliza. Zao la msanifu wa kidijitali hudumu kwa kutendwa tena na tena, na kwa hiyo anayemsifu kwa kubuni huku akikiona kitendo cha kudumisha kuwa kibarua cha pembeni amekata kitu kimoja vipande viwili.

Historia fupi ya intaneti ina ushahidi mwingi, na baadhi yake unaumiza. GeoCities, huduma iliyoanza mwaka 1994 na kuwawezesha watu wa kawaida kujitengenezea kurasa bure, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999 na kufungwa nchini Marekani Oktoba 2009. Sehemu kubwa ya kilichosalia iliokolewa na watu wa kujitolea walionakili mafaili kabla ya siku ya mwisho. Wasanii Olia Lialina na Dragan Espenschied waliuchukua mkusanyo huo wakaanza kuuchunguza na kuuonyesha upya, na mtu anayetazama kurasa hizo hukutana mara nyingi na kibao cha rangi ya manjano na nyeusi chenye picha ya mjenzi na koleo, kikitangaza kwamba ukurasa bado unajengwa. Wataalamu wa miaka iliyofuata walikidharau kibao kile kwa kukiona cha kitoto, lakini wachoraji wake walikuwa wamesema kweli kuhusu maumbile ya kitu walichokuwa wakikitengeneza. Flash, teknolojia iliyotumiwa kwa zaidi ya miaka 20 kutengeneza katuni, michezo na tovuti nzima zenye mwendo, iliondolewa na kampuni ya Adobe mwishoni mwa mwaka 2020, na kazi nyingi za wasanifu zikazimika bila wao kugusa chochote. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikuweza kupatikana tena miaka 10 baadaye.

Hapa ndipo maisha binafsi ya msanifu yanapoingia, kwani anayelipa ada ya jina, anayesasisha programu na kurekebisha viungo vilivyokufa ni mtu mwenye mwili, mwenye nyumba, watoto na wagonjwa wa kuuguza, na saa anazozitoa kwa kazi ya zamani ni saa anazozinyima kazi mpya. Msanii Mierle Laderman Ukeles wa New York aliishi ndani ya mgongano huo baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, akaandika mwaka 1969 tamko lililotangaza utunzaji wenyewe, wa nyumba, wa mtoto na wa mji, kuwa sanaa. Tangu mwaka 1977 amekuwa msanii mkaazi wa idara ya usafi ya jiji hilo, na kwa miezi mingi kati ya mwaka 1979 na 1980 aliwazungukia wafanyakazi wa idara hiyo wapatao 8,500, akimshika kila mmoja mkono na kumshukuru. Alichokiona Ukeles, na ambacho falsafa ya sanaa imechelewa kukiona, ni kwamba heshima hupewa anayeanzisha huku uhai wa kilichoanzishwa ukibebwa na mwingine asiyetajwa.

Hata hivyo, haifuati kwamba msanifu anawajibika kuhifadhi kila alichokitoa. Mfano wa kiteolojia una mpaka wake, na mpaka huo ndio wenye mafunzo zaidi: Mungu anayeitwa Al-Qayyum, Msimamizi wa kila kitu, katika itikadi ya Kiislamu hashikwi na usingizi wala uchovu, lakini binadamu huchoka, na kwa sababu hiyo uumbaji wake unapaswa kupimwa kwa uwezo wake wa kutunza. Tim Berners-Lee, aliyependekeza mfumo wa wavuti katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN mwaka 1989, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani za kurasa hazibadiliki zenyewe, watu ndio huzibadilisha, na kauli hiyo inapeleka lawama mahali pake. Msanifu anayefungua miradi saba huku akijua kwamba nguvu zake zinatosha miwili amewaahidi wasomaji jambo asiloweza kulitimiza, ilhali yule anayeandika kurasa chache kwa msimbo mwepesi, zinazofunguka hata kwenye simu ya bei ndogo, amefikiri tangu mwanzo kuhusu miaka ijayo. Kuufunga mradi kwa makusudi, kwa kuwaarifu wanaoutumia na kuwapa nafasi ya kunakili walivyovihitaji, pia ni utunzaji.

Kinachobaki ni kifo cha msanifu mwenyewe, na hapa pwani ya Afrika Mashariki ina fikra ya kuchangia. Wakfu ni mali inayozuiwa isiuzwe wala isirithiwe, ili manufaa yake yaende daima kwenye jambo la kheri, chini ya msimamizi aliyeteuliwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba nyingi za namna hiyo. Mafakihi, yaani wataalamu wa sheria za Kiislamu, waliiwekea wakfu kanuni yenye hekima kubwa, kwamba mapato ya wakfu hutumika kwanza kuikarabati mali yenyewe, na wanufaika hupata kinachosalia. Tovuti ya marehemu ingehitaji kanuni hiyohiyo, lakini hukutana na kikwazo cha kisheria, kwa sababu majina ya kawaida ya kimataifa, kama yale yanayoishia kwa com au org, hukodishwa kwa muda usiozidi miaka 10 kwa mara moja, na mtu hawezi kuweka wakfu asichokimiliki. Anachokimiliki ni mafaili aliyoyabuni. Hayo anaweza kuyakabidhi akiwa hai, pamoja na idhini ya maandishi ya kuyanakili, kwa maktaba au kwa hifadhi kama Internet Archive, ambayo imekuwa ikikusanya kurasa tangu mwaka 1996, na kumtaja mtu mmoja mwenye nywila atakayelipa ada hadi kazi hiyo ya kunakili ikamilike.