Je, Mizani Moja Ni Haki kwa Wote?

Mtihani ni mizani. Mtoto hufundishwa miaka minne, kisha hupimwa kwa siku chache, na kwa uzito utakaoonekana siku hizo njia yake hufunguliwa au hufungwa. Kwa hiyo yatupasa kuuliza habari za mizani mpya inayokuja, yaani mtihani wa kompyuta. Je, ikiwekwa mbele ya mtoto wa mjini na wa kijijini, itawapima kwa haki?

Kwetu Tanzania mtihani wa kidato cha nne ungali unaandikwa kwa kalamu. Wenzetu wa Nigeria wametangulia. Mtihani wao wa kuingia vyuo vikuu, chini ya baraza liitwalo JAMB, umefanywa kwa kompyuta tu tangu mwaka 2015. Nia ilikuwa njema: kuzuia udanganyifu na kuharakisha matokeo. Nani kati yetu asiyependa wizi wa mitihani ukome?

Lakini shule nyingi za vijijini huko hazina kompyuta wala umeme wa kutegemewa. Mtahiniwa husafiri hadi kituo cha mbali, na pengine ndipo anaposhika kipanya kwa mara ya kwanza. Maswali ni 180 kwa saa 2, yaani sekunde 40 kwa kila swali. Aliyezoea mashine huzitumia kufikiri; asiyezoea huzitumia kutafuta mahali pa kubonyeza.

Mashine nazo hukosea. Mwezi Mei 2025 baraza hilo lilikiri kwamba hitilafu ya mitambo iliharibu matokeo ya watahiniwa wapatao 380,000 wa Lagos na majimbo ya kusini-mashariki. Mkuu wake aliomba radhi hadharani huku akitokwa na machozi, na watahiniwa hao wakapewa nafasi ya kurudia. Kosa lile lilichunguzwa kwa sababu waliolalamika walikuwa wengi. Lakini mtoto mmoja wa kijijini aliyeshindwa kwa uzito wa vidole vyake, si wa akili yake, atamlalamikia nani? Atarudi nyumbani akiamini kwamba yeye ni mjinga. Hilo ndilo linalotuhuzunisha.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, yakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Hapa jiwe ni moja, lakini mizani imewekwa juu ya mteremko. Kuwapa wote kitu kilekile si lazima iwe haki.

Je, tuikatae kompyuta? Hasha. Kumnyima mtoto wa kijijini mashine hiyo ni kumwacha nyuma mara ya pili. Tunachosema ni kwamba kufundisha kutangulie kupima. Asipimwe mtu kwa chombo ambacho hakupewa nafasi ya kukizoea.

Nasi tusinyoshee serikali kidole peke yake. Ziko shule zenye kompyuta moja tu, nayo imefungiwa ofisini. Shule ya kata yetu ikiitisha mkutano wa wazazi juu ya umeme wa jua au chumba cha kompyuta, je, tutahudhuria? Na aliye na mashine nyumbani, je, atamwita mtoto wa jirani aketi naye? Mteremko hausawazishwi siku ya mtihani. Husawazishwa kabla, na mikono ya wengi.