Chaki na Haki

Je, msanii anaweza kula mkate wa mtu aliyemwua mwenyeji wake, na bado akawa mtu wa kweli? Swali hili hunijia kila nizitazamapo nakala za picha alizochora Hans Holbein kwa chaki.

Mjerumani huyu alifika Uingereza mwaka 1526, akapokewa na msomi Thomas More, akamchora yeye na jamaa zake. Aliondoka, akarejea mwaka 1532. Mwaka 1535 Mfalme Henry VIII aliwaua More na Askofu John Fisher kwa kukataa kumkiri kuwa mkuu wa Kanisa. Mwaka uliofuata Holbein alikuwa mchoraji wa mfalme huyo huyo.

Siku hizo karatasi ya chaki haikuwa bidhaa. Mkubwa alilipia picha ya rangi, yenye manyoya, dhahabu na cheo chake. Chaki ilikuwa kazi ya awali tu: mtu aliketi, mchoraji akaichukua sura yake, akaandika pembeni rangi na kitambaa cha vazi, kisha akaenda kuimalizia picha pasipo mwenyewe kuwapo. Fahari ilikuja baadaye. Katika chaki mlikuwa na uso.

Wako watakaosema kwamba Holbein alikuwa na mke na watoto Basel, na njaa haina ujasiri. Ni kweli, lakini More naye alikuwa na watoto. Kwa hiyo simwiti Holbein shujaa. Shujaa ni yule aliyelipa kwa shingo yake.

Hata hivyo, nauliza jambo jingine: hofu ilipoingia, je, mkono wake uliinama? Mtazame Jane Seymour, aliyeolewa na mfalme mwaka 1536. Malkia mzima, naye midomo imebanwa, uso hauna mapambo. Chaki haikumpa zaidi ya ilivyompa Fisher, mzee aliyekonda.

Leo karatasi zipatazo 80 zimehifadhiwa katika ngome ya Windsor, nyumba ya wafalme. Waliouawa na waliopendelewa wamo pamoja, kila mmoja na sura yake. Wahenga walinena: Mgala muue na haki umpe. Mfalme aliua, haki ikatolewa na mtumishi wake, kimya kimya.

Nionavyo mimi, haki hiyo ni ndogo, haiokoi shingo ya mtu. Lakini asiyeweza kusema kweli kwa ulimi, na asiseme uongo kwa mkono.